Nguo ya Bibi Salme: tuyaenzi makumbusho madogo ya Hurumzi na aliyeyaanzisha



Mmezoea tukiwaandikia habari za mishono, lasi na namna ya kuchagua kitambaa cha nikahi. Leo tunawaletea historia, lakini historia hii imeanzia pale pale mezani kwetu, penye mkasi na cherehani. Tuna deni, na tumeona njia nzuri ya kulilipa ni kusema kosa letu hadharani, kisha tuwaombe jambo moja.

Sisi ni mafundi wa nguo za harusi, tupo Mkuza, Kibaha. Siku moja alitujia bi harusi ambaye kwao ni Unguja, anaolewa huku bara. Alikuja na shangazi yake, na walibeba vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa picha kwenye simu: mwanamke kijana amevaa nguo za Kiarabu za zamani, kanzu yenye mapambo, suruali chini yake, kitambaa kichwani na vito vya thamani. "Nataka nifanane na huyu," bi harusi akasema. "Ni binti wa mfalme wa Zanzibar, Princess Salme." Cha pili kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki: suruali ya marinda ya bibi yake mzaa mama, ambaye alishatangulia mbele ya haki. Shangazi akatuambia, "Wanangu, fuateni hii. Mama aliivaa siku ya harusi yake."

Tukaifumua. Kila fundi anajua kwamba ukitaka kujua nguo ya zamani imeshonwaje, ifumue, utandike vipande mezani, upate kipimo. Lakini uzi ulikuwa umekauka, na kitambaa kikaanza kuchanika kwenye mikunjo ya marinda. Kipimo tulikipata. Suruali mpya ilitoka nzuri, alhamdulillah, na harusini watu waliisifu. Ile ya bibi haikurudi. Tulimkabidhi shangazi vipande. Hakutugombeza. Alivipokea, akavikunja kimoja kimoja, akauliza tu, "Hamkuipiga hata picha?"

Hatukuwa tumepiga.

Akiwa anaondoka akatuambia, "Mkija Unguja, nendeni Hurumzi mkamsome vizuri huyo mwenye picha. Kuna makumbusho yake." Tulikwenda. Daladala hadi Mbezi, mwendokasi hadi mjini, boti ya asubuhi, kisha kwa miguu hadi Hurumzi, ndani ya Mji Mkongwe. Tuliyojifunza ndiyo haya.

Binti aliyejifundisha kuandika

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar, mahali ambapo magofu yake yapo hadi leo. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake aliitwa Jilfidan, suria kutoka nchi ya Wacherkasi, mbali huko upande wa Bahari Nyeusi, aliyechukuliwa kwao akiwa bado mtoto. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, akiwa safarini baharini kutoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai. Salme alikuwa mmoja wa wadogo.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani. Kuandika hawakufundishwa. Salme alitaka kuandika, basi akajifundisha mwenyewe kwa siri: alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao zama hizo ulitumika kama ubao wa shule, akanakili juu yake herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea. Dada zetu, hebu mfikirieni msichana huyo amejifungia chumbani na mfupa wake. Sisi tulioanza kwa kufuatisha mistari ya chaki kwenye kitambaa tunaujua mkono unaotetemeka mara ya kwanza.

Kuandika kulimpa heshima, na pia kulimtia mashakani. Mwaka 1859 mama yake alifariki kwa kipindupindu. Mwaka huo huo ndugu zake waligombea kiti: Barghash alitaka kumpindua Majid, na Salme, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akawa mwandishi wa barua za upande wa Barghash kwa sababu alijua kalamu. Jaribio lilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya ndugu waliokasirikiana. Huyo Majid ndiye aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Sisi wa Mkuza tunaokwenda Dar kila wiki kununua vitambaa, tunaingia katika mji ulioanzishwa na kaka yake Salme, na hatukuwa tukilijua hilo.

Safari ya kwenda na kutorudi

Sehemu inayofuata ni nzito, na hatutaificha, kwa sababu wasomaji wetu si watoto. Salme alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Rudolph Heinrich Ruete, akapata mimba. Mwezi Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza, akaenda Aden. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa siku hiyo hiyo, wakaondoka kwenda Hamburg.

Mumewe alifariki mwaka 1870 baada ya kugongwa na tramu ya farasi. Salme akabaki mjane ugenini na watoto watatu wadogo, lugha ya watu, baridi ya watu, na pesa zinazopungua. Alifundisha Kiarabu ili watoto wale. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, kwa Kijerumani, akieleza alivyolelewa Mtoni: vyumba, vyakula, nguo, sikukuu, harusi, uchawi, maradhi, mambo yote ya wanawake ambayo wasafiri wanaume wasingeweza kuyaona. Ndiyo maana wanahistoria hukitegemea mpaka leo.

Alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, akitafuta mirathi yake na, tunahisi, akitafuta msamaha. Watu mitaani walimfuata wakimsalimu. Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alikataa kumuona. Aliondoka mikono mitupu, akaishi miaka mingi Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914, akafariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924. Amezikwa Hamburg. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, wakamzika nacho.

Picha ile tuliyoletewa

Sasa turudi kwenye ile picha ya kwenye simu. Sisi tulidhani ilipigwa Zanzibar, ndani ya kasri, na binti mfalme akiwa katika enzi yake. Kumbe haikupigwa Zanzibar kabisa. Ilipigwa Hamburg, studio, mwishoni mwa miaka ya 1860, akiwa tayari ni mke wa Ruete. Aliivaa nguo ya kwao katika nchi ambayo hapakuwa na mtu wa kumfunga kile kitambaa kichwani, wala dada wa kumwambia upande huu umezidi.

Kwa miaka mingi mabibi harusi wanaiga nguo ya mwanamke aliyekuwa akikumbuka kwao. Hatusemi msiivae. Tunasema ukiijua habari yake, utaivaa kwa namna nyingine. Na hiyo ndiyo kazi ya makumbusho. Picha unaweza kuipata kwenye simu bure. Habari yake inahitaji mtu aliyekaa akaitafuta na kuipanga.

Aliyekaa akaitafuta

Mtu huyo anaitwa Said el-Gheithy. Katika miaka ya 1990, huko London, alianzisha taasisi yenye jina la Princess Salme. Mwaka 2015 makumbusho yakafunguliwa Hurumzi, ndani ya jengo la hoteli ya Emerson on Hurumzi. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita katikati. Kazi ya aina hii haina faida ya haraka. Ni kutafuta barua, kulinganisha tarehe, kupata picha, kuandika maelezo ambayo mtu wa kawaida ataelewa, na kuwavumilia watu wanaokuuliza, "Unamhangaikia nini huyu mwanamke aliyekimbia?"

Si kwamba Salme hakuwa na pa kukumbukwa. Makumbusho ya Kasri pale mbele ya bahari, yaliyofunguliwa mwaka 1994, yalimtengea chumba. Mwanawe Rudolph Said-Ruete naye alifanya sehemu yake: aliandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Said, kikachapishwa London mwaka 1929, na mkusanyiko wa vitabu na karatasi za familia akaukabidhi Leiden, Uholanzi, ambako unatunzwa mpaka sasa. Lakini msichana wa Bububu au wa Mkuza ataifikaje Leiden? Karatasi ziko mbali, kitabu kiliandikwa kwa Kijerumani, kaburi liko Hamburg. Kazi ya el-Gheithy ilikuwa kuirudisha habari hiyo mtaani kwake, mahali ambapo unaingia kwa miguu ukitoka sokoni.

Tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, kwamba mtu akiondoka duniani matendo yake hukoma, ila vitu vichache tu humfuata, na kimojawapo ni elimu inayowafaa watu. Tunapotaja sadaka yenye kuendelea, wengi wetu tunafikiria kisima na msikiti. Ni sawa, na ni kubwa. Lakini elimu nayo imo. Mwenye kufungua mlango ambao watu wataingia wajinga watoke wanajua, tunamuombea Allah amlipe kheri isiyokatika.

Ila makumbusho madogo yana hatari yake. Makumbusho makubwa ya serikali yana bajeti, walinzi na wafanyakazi. Madogo huanzishwa na mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ndiye maktaba, ndiye mweka hazina, ndiye anayejua kila picha ilitoka wapi. Wengine wasipoingia kusaidia, kila kitu kinabaki kichwani mwake. Hata biashara zetu ndivyo zilivyo. Fundi mwenye siri zote za mkato asipofundisha mtu, siku akiondoka duka linabaki na cherehani tu.

Maswali mawili magumu

Tulipowaeleza wenzetu kwamba tunataka kuandika makala hii, tuliulizwa maswali mawili. Tutayajibu kwa kadiri tulivyoelewa.

La kwanza: tumuenzi vipi mwanamke aliyetoka katika Uislamu? Dada zetu, kukumbuka si kusifia kila kitu. Hatumchukui Salme awe mfano wa ndoa, na msichana anayesoma habari yake ataona bei aliyoilipa: ndugu, nchi, mirathi na utulivu wa moyo. Kilichokuwa moyoni mwake mwisho wa uhai wake anakijua Mwenyezi Mungu, sisi hatukupewa kazi ya kuhukumu. Lakini pia tusome upande wa pili. Mlango ulifungwa na ndugu zake wa damu, na aliporudi akiwa mjane hakufunguliwa. Kila familia ina binti mmoja ambaye jina lake halitajwi sebuleni. Ukitoka Hurumzi utamkumbuka wa kwenu, na pengine utampigia simu.

La pili ni zito zaidi: utumwa. Kasri alilolelewa lilihudumiwa na watumwa, na mama yake mwenyewe alifika pale kwa njia hiyo hiyo. Hata hivyo katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki, akidai haukuwa kama ule wa Marekani. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina la Emily Ruete. Watu wakasoma maneno yake juu ya utumwa, wakapinga, na jina likaondolewa. Sisi tunaoandika haya tuna bibi za bibi zetu ambao huenda walikuwa jikoni, si sebuleni. Hatuwezi kulipita jambo hilo.

Jibu letu ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuyasaidia makumbusho, si sababu ya kuyaacha. Uwanja una kibao cha jina tu. Hauwezi kukueleza kitu. Makumbusho yana nafasi ya kueleza yote mawili, ujasiri wa msichana na mfupa wake wa ngamia, na mikono isiyo na majina iliyompikia na kumshonea. Yale marinda tuliyoyafumua kuna mtu aliyakunja kwa sindano, moja moja. Jina lake hatulijui. Yakiwepo makumbusho yenye nguvu, siku moja mtu atakwenda kulitafuta.

Tufanye nini, sisi wa kawaida?

Hatuandiki kuomba michango ya mamilioni. Tunawapa mambo ambayo sisi wenyewe tumeanza kuyafanya au tumeyanuia.

Kwanza, nendeni, na mlipe kiingilio kwa moyo mmoja. Usiombe upunguziwe. Kwa makumbusho madogo, kiingilio ndicho umeme, ndicho rangi ya ukuta, ndicho mshahara wa anayekueleza.

Pili, mabibi harusi, wekeni siku moja kabla hamjaanza kukaa ndani. Mnatumia siku nzima kuchagua viatu. Chukueni saa moja mwende Hurumzi na mama zenu na masomo zenu. Mkirudi kwa fundi mtamweleza mnachotaka kwa maneno, si kwa kumuonyesha simu. Sisi siku hizi bi harusi akituletea ile picha, tunamuuliza kwanza kama anaijua ilipigwa wapi.

Tatu, toeni ujuzi. Si lazima iwe pesa. Anayejua lugha anaweza kujitolea kutafsiri maelezo, anayejua kupiga picha apige, mwalimu apeleke wanafunzi. Sisi tumenuia kushona upya suruali ya marinda kwa kipimo kile kile cha bibi, kwa mkono, na kuomba kama itapokelewa ili wasichana waishike na waone marinda yanavyokunjwa. Haitakuwa ile ya asili, lakini kipimo chake ni cha kweli.

Nne, anzeni na sanduku la nyumbani. Nguo ya bibi isikae kwenye mfuko wa plastiki, inapata unyevu na kuoza. Ifungeni kwa kitambaa cheupe cha pamba, safi na kikavu, mbali na jua. Toeni pini zote, maana zinashika kutu. Msiinyunyizie manukato wala mafuta ya udi. Mikunjo ibadilisheni kila baada ya miezi kadhaa, isikatike pale pale. Pigeni picha, mbele na nyuma. Kisha andikeni kwenye kipande cha kitambaa, mkishikize kwa uzi: nguo ya nani, aliivaa lini, ilishonwa na nani kama mnamjua. Na fundi yeyote akikuambia aifumue apate kipimo, mwambieni apime ikiwa nzima. Inawezekana. Inachukua muda tu, na sisi siku ile hatukutaka kuutoa.

Tano, mtajeni aliyeanzisha. Watu huingia mahali wakapiga picha, wakatoka bila kuuliza nani alipapigania. Mkisimulia habari ya Salme, semeni pia kwamba alikuwepo Said el-Gheithy, aliyeona habari hii inastahili mlango wake Zanzibar.

Shangazi yule bado ni mteja wetu. Aliporudi mara ya mwisho alileta nguo ya mjukuu wa kupunguza pindo. Kabla hatujaishika alitoa simu yake, akaitandaza nguo mezani, akaipiga picha mbele na nyuma. Kisha akatukabidhi, akakaa kwenye benchi kusubiri.